Spamu tunaichukia wote, ila sheria ya kuizuia inaweza kukunasa hata wewe

Mwaka 2003 kulikuwa na jamaa wa Raleigh, North Carolina, anaitwa Jeremy Jaynes, mmoja wa wababe wa spamu duniani, yaani zile imeili zisizoombwa zinazotumwa kwa watu wengi kwa mpigo. Alikuwa anauza vitu vya ajabu ajabu: programu ya kukuchagulia hisa za bei poa, programu ya kufuta historia yako ya intaneti, na dili la kukaa nyumbani ukidai marejesho ya pesa FedEx. Wapelelezi walipopekua kwake walikuta sidii zenye anwani za imeili zisizopungua milioni 176, na humo humo kulikuwa na taarifa za wateja wa AOL, kampuni ya huduma za intaneti na imeili, zilizoibwa na mtu aliyewahi kufanya kazi AOL yenyewe. Yaani hapo huwezi ukamwonea huruma hata ukijilazimisha.

Virginia, ambako ndiko zilikokuwa seva za AOL, wakamshtaki kwa siku tatu tu za mwezi wa saba. Tarehe 16 alituma imeili 12,197, tarehe 19 akatuma 24,172, na tarehe 26 akatuma 19,104. Zote zilikuwa na maelezo ya uongo kuhusu zilikotoka. 2004 akatiwa hatiani, 2005 akapewa miaka 9 jela, na ikaandikwa kwamba ndo mtu wa kwanza Marekani kupatikana na kosa kubwa la jinai kwa ajili ya spamu. Watu wakashangilia sana.

Halafu tarehe 12 Septemba 2008 Mahakama Kuu Kabisa ya Virginia ikafuta hukumu yote, majaji kwa kauli moja, na hapo miezi michache tu nyuma mahakama hiyo hiyo ilikuwa imemkatalia rufaa kwa kura 4 kwa 3. Mwaka 2009 jimbo likakimbilia Mahakama ya Juu ya Marekani, nako wakakataa hata kuisikiliza. Jamaa hakusema hajatuma. Na majaji hawakusema spamu ni haki ya binadamu. Walichosema ni kwamba sheria yenyewe imeandikwa vibaya, na namna ilivyoandikwa vibaya ndio stori yenyewe ya leo, kwa sababu kosa hilo hilo limeandikwa hata huku kwetu Afrika Mashariki, na huku halikufanyika kwa bahati mbaya tu.

Iko hivi. Imeili yoyote inapotoka kwako inabeba maelezo ya njia, yaani anwani ya IP (namba ya kompyuta kwenye intaneti) na jina la domeini (lile linalofuata alama ya @), na seva, kompyuta zinazopitisha imeili, zinayasoma hayo kabla wewe hujaona hata neno moja la ujumbe. Sheria ya Virginia ilisema ukituma imeili nyingi zisizoombwa huku umeghushi hayo maelezo ya njia, ni kosa, na zikizidi elfu kumi ndani ya saa 24 basi ni kosa kubwa. Ukisoma haraka unaona iko sawa tu. Lakini haikusema imeili za biashara. Ilisema imeili nyingi zisizoombwa, basi. Za siasa zimo, za dini zimo, za mtu anayelalamika kwamba mbunge wake kala hela za barabara nazo zimo.

Sasa unganisha na uhuru wa kusema bila kujitaja jina, ambao Marekani unalindwa kikatiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Juu ilishaamua kesi ya mama mmoja wa Ohio aliyegawa vipeperushi vya kupinga kodi ya shule bila kuweka jina lake, ikasema serikali haiwezi kumlazimisha ajitaje. Majaji wa Virginia wakaangalia imeili wakaona tatizo: kwenye karatasi unaacha tu kuandika jina, lakini kwenye imeili mfumo wenyewe unadai IP na domeini, kwa hiyo mtu anayetaka kutuma bila kujulikana njia yake ni kuweka ya uongo. Maana yake kosa la kughushi na haki ya kujificha vinakuwa kitu kimoja. Wakatoa na mfano ambao ni mzuri mno: zile makala za karne ya 18 za kuitetea Katiba ya Marekani, zilizoandikwa na Hamilton, Madison na Jay chini ya jina la bandia Publius, zingetumwa leo kwa imeili basi Publius angekuwa amevunja sheria ya Virginia. Waasisi wa taifa, jela.

Utauliza, sasa Jaynes na Publius wapi na wapi? Yeye alikuwa anauza takataka. Kweli, na hapa ndio watu wengi wanachanganyikiwa. Kwa kawaida huwezi kujitetea mahakamani kwa haki za mtu mwingine, ila kwenye uhuru wa maoni Wamarekani wana kanuni kwamba sheria ikiwa pana kupita kiasi, ikawa inatishia maneno halali ya watu wengi, basi hata yule ambaye maneno yake hayastahili kulindwa anaruhusiwa kuipinga. Sababu ni kwamba watu waoga hawaji mahakamani, wananyamaza tu, kwa hiyo ukimsubiri mwandishi mwema mwenye ujasiri aje ashtakiwe ndo uifute sheria, utasubiri sana na kwa muda huo wote watu wamefunga midomo. Matokeo yake tapeli anapata zawadi ambayo hakuistahili, inauma, ila ndio gharama yake.

Na kilichonikera mimi zaidi ni kwamba ilikuwa rahisi kuikwepa. Wangeongeza tu kwamba sheria inahusu imeili za kibiashara, mambo yangekwisha. Maneno ya biashara Marekani yana ulinzi mdogo kuliko ya siasa, hilo lipo wazi toka kesi ya Central Hudson ya 1980, na tangazo la uongo halina ulinzi wowote.

Serikali kuu yenyewe hilo ililiona mapema. Sheria yao ya CAN-SPAM, aliyoisaini George W. Bush Desemba 2003 na ikaanza kazi tarehe 1 Januari 2004, inagusa ujumbe ambao lengo lake kuu ni biashara. Usidanganye ulikotoka, usidanganye kwenye kichwa cha habari, weka anwani yako ya posta ya kweli, weka njia ya mtu kujitoa, na akijitoa una siku 10 za kazi kumwacha kwa amani. Faini kwa sasa inapita dola 50,000 kwa kila imeili moja. Inatisha ukiisoma hivo. Ila angalia ilichoruhusu: kampuni inaweza kukutumia ujumbe wa kwanza bila kukuuliza chochote, mpaka wewe useme basi. Halafu ikafuta sheria kali za majimbo, ikiwemo ya California iliyokuwa inadai ridhaa kabla ya kutuma na ilikuwa ianze siku hiyo hiyo ya Januari mosi. Na wewe mpokeaji huwezi kushtaki mwenyewe, hiyo ni kazi ya tume ya biashara FTC, wanasheria wakuu wa majimbo na kampuni za intaneti. Wapinzani wakaibatiza jina la kejeli ambalo kwa huku ni kama kusema Ruksa Kuspamu.

Kuna kipengele kimoja cha kuchekesha humo. Bunge liliwaambia FTC watazame kama inawezekana kuwa na rejista ya kitaifa ya imeili za watu wasiotaka spamu, maana ya simu ilishaanza 2003 na watu waliipenda mno. FTC Juni 2004 wakarudi na jibu kwamba hapana, tukikusanya anwani zote hizo sehemu moja matapeli wataifanya ndio orodha ya anwani zilizo hai. Kwa hiyo jitihada ya kulinda faragha ingezaa hatari ya faragha. Mimi niliwaelewa.

Ulaya wao walipita njia nyingine. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2002 yanasema huwezi kumtumia mtu binafsi tangazo kwa imeili mpaka akubali kwanza, isipokuwa kama ni mteja wako tayari na unamtangazia vitu vinavyofanana na alivyonunua, na kila mara umpe nafasi ya kukataa. Kule hii inahesabika ni ulinzi wa faragha. Lakini angalia kilichotokea Uingereza: chama cha SNP cha Scotland kilipiga simu za sauti zilizorekodiwa kuomba kura, mdhibiti akasema hayo ni matangazo kama matangazo mengine, chama kikasema sisi si wauza sabuni, na mwaka 2006 baraza la rufaa likakubaliana na mdhibiti. Yaani Marekani mwanasiasa amesamehewa kabisa, anaweza kukujazia inboksi kwa imeili zake za kuomba michango bila kuvunja sheria ya spamu, na Uingereza anawekwa kapu moja na muuza bima. Mimi upande huu nina mashaka na Waingereza, japo najua nikipigiwa simu ya rekodi saa mbili usiku msimamo wangu unaweza kubadilika.

Kinachosaidia kutenganisha haya mambo ni kuuliza nani anafunga mlango. Mwaka 1970, kabla hata ya imeili kuwa kitu, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa na kesi ya Rowan, kuhusu sheria iliyomruhusu mwenye nyumba kuiambia posta kwamba fulani asinitumie tena makaratasi yake, na mtumaji analazimika kufuta jina lake kwenye orodha. Mahakama ikasema haki ya kutuma inaishia kwenye kisanduku cha barua cha asiyetaka. Ni kama hodi tu, mgeni ana haki ya kupiga hodi, na mwenye nyumba ana haki ya kutoitikia. Lakini aliyekataa pale alikuwa mwenye nyumba. Serikali haikusimama njiani kuamua hodi ya nani ifike na ya nani isifike.

Kampuni je? Hapo Katiba inanyamaza. AOL walipoanza kuzuia imeili za kampuni ya Cyber Promotions, hao wakaenda mahakamani kudai uhuru wao wa maoni umevunjwa, na 1996 wakaambiwa AOL si serikali, seva ni zake, azuie tu. Sawa kwa spamu. Ila uamuzi huo huo unampa mwenye seva nguvu ya kuzuia hata ujumbe wa wanaharakati na wewe hujui kama ulitumwa. Mwaka 2006 AOL walipotangaza mpango wa Goodmail, ambapo mtumaji wa wengi analipia ili ujumbe wake upite kwa uhakika, vikundi vya kiraia, wakiwemo watetezi wa haki za mtandaoni EFF, na vyama vya hisani vilipiga kelele kwamba sasa maskini atakwama kwenye chujio na tajiri anapita. Kwa upande mwingine kuna kesi ya Intel, ambako mfanyakazi aliyeachishwa kazi alituma imeili mara sita kwa maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi akiisema vibaya kampuni. Intel wakashtaki kwamba kaingilia mali yao. 2003 Mahakama Kuu Kabisa ya California ikawakatalia, kura 4 kwa 3: kompyuta zenu hazikuharibika, kinachowauma ni maneno. Hiyo naiona ni moja ya hukumu bora kwenye mada hii, kwa sababu ingeenda vingine kila kampuni ingekuwa na fimbo ya kuwachapa wakosoaji kwa jina la kupambana na spamu.

Haya, tuje nyumbani.

Tanzania tuna vitu viwili vya mwaka huo huo wa 2015, na vinatofautiana kweli. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki inaongelea matangazo ya biashara yasiyoombwa: usitume bila ridhaa ya mlaji, ujitambulishe mwanzoni na useme unataka nini, na umpe njia ya kukataa. Safi, iko karibu na Ulaya, kama ingekuwa inatekelezwa tungekuwa mbali. Halafu kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza tarehe 1 Septemba 2015, kifungu cha 20. Hiki kinaongelea ujumbe usioombwa, na tafsiri yake ni ujumbe wowote wa kielektroniki ambao mpokeaji hakuuomba. Wowote. Salamu za Idi ambazo shangazi kakutumia hukuziomba, zimo. Kinachookoa ni kwamba kifungu kinadai uwe na nia ya kutenda kosa chini ya sheria hiyo, lakini humo humo ndani kuna kosa la kuchapisha taarifa za uongo au za kupotosha, kwa hiyo hiyo nia inaweza kupatikana kirahisi kwa mtu aliyesambaza jambo ambalo wakubwa hawakulipenda. Na kughushi maelezo ya mtumaji nako kumetajwa, ule ule mtego wa Virginia. Adhabu inaanzia milioni tatu au mwaka mmoja jela.

Mtu atasema hizo ni hofu za kwenye karatasi. Kumbuka Desemba 2016, Maxence Melo wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums alikamatwa na kushtakiwa kwa kuzuia upelelezi, baada ya kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake, watu wanaoandika kwa majina ya bandia. Hiyo haikuwa kesi ya spamu, sheria ndio hiyo hiyo ya makosa ya mtandao. Suala la Publius kwetu si historia.

Lakini aliyevunja rekodi ni Uganda. Oktoba 2022 Rais Museveni alisaini marekebisho ya sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta, na ndani yake kuna kosa la kumtumia mtu taarifa ambayo hakuiomba, kifungo hadi miaka 7. Ukafuata tafsiri: taarifa isiyoombwa ni ile iliyotumwa kwa mtu kupitia intaneti bila ridhaa yake, ila haihusishi matangazo ya biashara yasiyoombwa. Soma tena taratibu. Wamechukua spamu wakaigeuza ndani nje! Yule anayekuuzia mkopo na dawa za nguvu za kiume kosa hilo halimgusi, na yule anayekutumia ripoti ya rushwa hospitalini ndiye mhalifu. Virginia walisahau kuandika neno biashara, Kampala wakaliandika ili kumtoa mfanyabiashara. Nashindwa kuamini kwamba hilo lilitokea kwa kupitiwa. Na Januari 2023, miezi mitatu tu baadae, Mahakama ya Katiba ya Uganda ikafuta kifungu cha 25 cha sheria mama ya 2011, kile cha mawasiliano ya kuudhi kilichotumika kumshtaki mwanaharakati Stella Nyanzi, kwamba hakieleweki na kinabana uhuru wa maoni. Mpya ikaingia wakati ya zamani inatolewa, ndo mchezo ulivyo.

Kenya walishapitia hili mapema kidogo. Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi aliitupa section 29 ya sheria ya mawasiliano, iliyokuwa inamfunga mtu kwa ujumbe wa kuudhi au wa kusumbua, akasema mtu wa kawaida hawezi kujua wapi mpaka unaishia. Kesi ilianza na kijana aliyeshtakiwa kwa posti yake ya Facebook. Hata hivyo Kenya wana jingine gumu zaidi, na hapa mimi nakiri sina jibu la moja kwa moja. Baada ya damu ya vurugu za uchaguzi, 2007 na 2008, ambako meseji za chuki zilisambazwa kwa wingi, wakaweka miongozo ya meseji za siasa za jumla: uchaguzi ukikaribia anayetaka kutuma anapeleka maneno yake kwa kampuni ya simu saa 48 kabla, yakaguliwe. Ukiichukua kwa macho ya Marekani hiyo ni kukagua maoni kabla hayajatoka, dhambi kubwa kuliko zote. Ukiichukua kwa macho ya mtu wa Naivasha au Eldoret aliyekimbia na watoto usiku, unaelewa ilikotoka. Ninachokiona kibaya ni kwamba mkaguzi ni kampuni inayotaka leseni yake isiguswe, kwa hiyo penye shaka itakataa tu, na aliyekataliwa ana saa ngapi za kukata rufaa kabla ya kura?

Tofauti na hayo, tazama Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019. Section 37 inasema huwezi kutumia data ya mtu kibiashara bila ridhaa yake ya wazi. Haiulizi ujumbe unasema nini, inauliza namba umeipata wapi. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliipiga kampuni ya Mulla Pride, yenye apu za mikopo za KeCredit na Faircash, faini ya shilingi 2,975,000 za Kenya kwa sababu ilichukua majina na namba za watu kutoka kwa watu wengine halafu ikawa inawatumia meseji na simu za vitisho. Unaijua hiyo meseji, rafiki yako hajalipa deni, wewe umeorodheshwa kama mtu wa karibu, mwambie alipe kabla hatujachukua hatua. Hukukopa, hukusaini, hata hiyo apu huijui. Hakuna mwandishi wala mchungaji aliyetishiwa na uamuzi huo, na hakuna mtu aliyelazimika kutaja jina lake la kweli ili aandike maoni yake.

Tanzania nasi sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022 ilianza kazi Mei 2023 na tume ipo, na ukichanganya na kile kifungu cha miamala cha 2015 sioni kwa nini tunakihitaji kifungu cha 20 kwa kazi ya spamu. Utapeli una vifungu vyake, wizi wa data una sheria yake, tangazo bila ridhaa lina sheria yake. Zile meseji za ile hela tuma kwenye namba hii ni jaribio la wizi wa kawaida, unazipeleka kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kwa namba 15040, haijalishi uliziomba au hukuziomba. Ukivitoa hivyo vyote, kinachobaki ndani ya ujumbe usioombwa ni maneno ya watu, na hayo kitufe cha kublock kinatosha.

Kwa waliopo Kenya ambao wana meseji za aina hiyo sasa hivi: piga skrinishoti ionyeshe namba na tarehe, waandikie kwanza wenye kampuni kwamba hukuridhia na wafute data yako, wasipojibu peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data kupitia tovuti ya ofisi hiyo. Sheria inawapa siku 90 kuchunguza na kumaliza.